Kuunda Chi-Ha ya 1/35: ribiti, magurudumu na mistari ya njano

Type 97 Chi-Ha ni kifaru kidogo cha Kijapani cha Vita vya Pili vya Dunia. Chenyewe halisi kina urefu wa mita 5.52, upana wa mita 2.33 na kimo cha mita 2.23. Kwa modeli ya plastiki ya kipimo cha 1/35 unabaki na kitu cha milimita 158 kwa 67 kwa 64, karibu kienee kiganjani. Bodi yake imeshikwa na ribiti na bolti kila upande, na hizo ndizo zinazokipa sura. Ukizila kwa msasa, ukizizamisha kwa gundi au ukizifukia kwa rangi nene, modeli inakuwa kama mche wa sabuni uliokwisha kutumika: umbo lipo, kingo hakuna. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini inalenga jambo moja, ribiti zifike mwisho wa kazi zikiwa hai.

Maelezo yanafuata seti ya kampuni ya Tamiya namba 35075, iliyotoka mwaka 1975. Ni ya zamani, vipande vyake si vingi, na anayeanza anaimaliza bila kukata tamaa. Seti za Fine Molds ni mpya zaidi na zina undani mwingi, lakini mpangilio wa kazi ni uleule.

Amua kwanza: kifaru cha wapi, mwaka gani

Uamuzi huu ufanye kabla ya kufungua gundi, maana unagusa rangi, alama, eriali na hata udongo utakaopaka chini.

Chi linatokana na neno la Kijapani la kifaru cha wastani, Ha ni ya tatu katika mpangilio wa zamani wa herufi zao, na 97 ni tarakimu mbili za mwisho za mwaka 2597 wa kalenda ya kifalme, yaani 1937. Mitsubishi walikiunda kiandamane na askari wa miguu. Mzinga wake mfupi wa milimita 57 ulikuwa wa kuvunja vibanda vya bombomu na mahandaki, si wa kupigana na vifaru vingine. Wasovieti waliufichua udhaifu huo kule Nomonhan, mpakani mwa Mongolia na Manchuria, mwaka 1939, ndipo baadaye kikaja kichwa kipya chenye mzinga mrefu wa milimita 47, kinachoitwa Shinhoto. Angalia vizuri picha kwenye sanduku unaponunua: Shinhoto ina kichwa kingine kabisa, na kwa kawaida haina ile eriali ya duara inayozunguka kichwa kama kiatu cha farasi.

Ukitaka mistari ya njano, unda kifaru cha Malaya, Desemba 1941 hadi mwanzoni mwa 1942. Hapo ndipo vifaru vya Kijapani vilipovunja safu za jeshi la Waingereza na Wahindi kwenye mto Slim, tarehe 7 Januari 1942. Ukitaka rangi za mwisho wa vita zisizo na njano, chukua kisiwa cha Saipan, Juni 1944, au kisiwa cha Shumshu, Agosti 1945. Huko Shumshu Rejimenti ya 11 ya Vifaru ilipigana na Wasovieti ikiwa na herufi 士 ubavuni mwa kichwa. Herufi hiyo ukiitenganisha unapata 十 na 一, kumi na moja. Kosa linaloonekana mara kwa mara ni kuweka mistari ya njano na herufi ya Shumshu kwenye kifaru kimoja. Mistari ni ya 1941 na 1942, herufi ni ya 1945.

Kuna wasomaji watakaofikiria mandhari ya Burma, kwa kuwa askari wa KAR (King's African Rifles) wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walipita bonde la Kabaw mwaka 1944. Kwa mandhari hiyo kifaru chepesi cha Type 95 Ha-Go ni chaguo salama zaidi kuliko Chi-Ha.

Vifaa vya kuwa navyo mezani

Koleo ya kukatia yenye uso bapa (mkasi wa kucha unafaa kwa dharura), kisu chenye wembe wa kubadilisha, kibano, msasa namba 400, 800 na 1200, tupa ndogo bapa, keekee ya mkono yenye biti za milimita 0.4, 0.8 na 1.6, na kipande cha kioo cha dirisha cha sentimita 20 kwa 20 ambacho hakina pindo. Kioo hicho si cha anasa. Ndicho kitakachokuambia kama kifaru chako kimesimama au kinayumba.

Gundi tatu: gundi nyembamba ya plastiki yenye brashi kwenye kifuniko, ile inayoingia ufani yenyewe kama maji, gundi nzito kidogo kwa viungo vinavyobeba uzito, na supagluu kwa waya. Puti ya modeli kidogo sana.

Usitumie thina ya magari kusafishia plastiki wala kuzimulia rangi ya brashi. Modeli ni ya polistireni, na thina ile inaiyeyusha uso. Huoni kitu siku ya kwanza, lakini ribiti zinakuwa zimelainika vichwa.

Kukata na kusafisha

Osha fremu zote zilizoshika vipande kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, acha zikauke usiku mzima. Plastiki inatoka kiwandani na mafuta ya kalibu, na rangi haishiki juu ya mafuta.

Kata kipande mara mbili. Mara ya kwanza kata mbali, ukiacha kijiti cha milimita 2. Mara ya pili kata karibu, ukiacha kama unene wa karatasi mbili, kisha malizia kwa wembe na msasa 800. Ukikata mara moja tu karibu na kipande, koleo inavuta plastiki na kuacha shimo jeupe, na shimo hilo huishia kwenye ukingo unaoonekana.

Pale msasa unapopita karibu na ribiti, zifunike kwa vipande viwili vya tepu ya karatasi. Bado utapoteza moja mbili. Tiba yake ni hii: tafuta ribiti ya saizi ileile mahali pasipoonekana, kwa mfano chini ya madigadi. Chukua wembe mpya kabisa, ulaze karibu bapa, ukate ribiti kwa msukumo mmoja. Itabaki imekaa juu ya wembe kama mbegu ya ufuta. Weka tone la gundi nyembamba pale inapotakiwa, iokote ribiti kwa ncha ya brashi iliyoloweshwa maji, iweke, isukume mahali pake, halafu usiguse kwa saa moja. Wembe uliotumika hautafaa. Unaponda ribiti badala ya kuikata.

Bodi ya chini na magurudumu

Hapa ndipo modeli nyingi za Chi-Ha zinapoharibikia, kwa hiyo usiharakishe.

Kila upande una magurudumu sita ya barabarani. Manne ya katikati yamefungwa mawili mawili kwenye mikono inayosukuma springi zilizolala, na la kwanza na la sita kila moja lina mkono wake. Mbele kuna gurudumu la meno linalovuta mnyororo, nyuma kuna gurudumu la kuukaza, na juu kuna rola tatu. Rola ya katikati ni nusu: inabeba upande wa ndani tu wa mnyororo. Usidhani seti imekosea kwa kukupa kipande kidogo pale. Ndivyo kifaru chenyewe kilivyokuwa.

Kwanza weka bodi tupu juu ya kioo. Ikicheza pembe kwa pembe, imepinda. Itumbukize kwenye maji ya moto ambayo hayajachemka kwa nusu dakika, ipinde taratibu upande wa pili, kisha itie kwenye maji baridi. Rudia hadi itulie. Ukijaribu kunyoosha bodi iliyopinda kwa kuibana na bodi ya juu, ufa utafunguka wiki moja baadaye, rangi ikiwa imeshakauka.

Wakati bodi bado iko wazi, toboa matundu mawili ya milimita 3 chini yake, moja karibu na mbele na jingine karibu na nyuma, na ugundishe nati mbili za M3 kwa ndani kwa gundi ya epoksi. Zitakushikia kifaru kwenye kibao cha kupakia rangi, na baadaye kwenye ubao wa maonyesho. Ikiwa chini kuna matundu mengine yasiyo ya kifaru halisi, ziba sasa kwa bamba la plastiki la milimita 0.5 kutoka ndani, kisha puti.

Sasa mikono na springi. Zigundishe upande mmoja zote kwa gundi nzito, kisha papo hapo ingiza magurudumu bila gundi kwenye ekseli zake. Fanya upande wa pili vivyo hivyo. Simamisha bodi juu ya kioo, weka betri mbili kubwa za tochi ndani yake ziwe uzito, na ukate utepe wa karatasi ya kuandikia wenye upana wa milimita 5. Pitisha utepe chini ya kila gurudumu. Gurudumu lililogusa kioo linaushika utepe. Linaloning'inia linauachia upite. Gundi nzito inakupa kama dakika 20 za kurekebisha. Linaloning'inia, sukuma mkono wake chini kwa kidole; lililoshuka sana, lipandishe. Magurudumu yote 12 yakishika karatasi, ondoka mezani. Rudi kesho.

Usipofanya hivyo nini kitatokea? Matundu ya mikono huwa na nafasi kidogo ya kucheza, na uchezaji wa milimita nusu mzizini unakuwa zaidi ya milimita moja kwenye gurudumu. Kifaru cha tani 15 chenye gurudumu linaloelea angani hakimdanganyi mtu, hata kikipakwa rangi nzuri namna gani.

Ukigundua kasoro gundi ikiwa imeshakauka, usiung'oe mkono, utavunja. Gundisha kipande cha plastiki cha milimita 0.25 kwenye mkanyago wa gurudumu, upande utakaogusa mnyororo. Hakuna atakayekiona.

Magurudumu yatoe baada ya hapo. Yanapakwa rangi kando. Kabla ya kuyapaka safisha mstari wa muungano unaozunguka kila tairi: shika gurudumu kwenye kijiti cha meno, lizungushe juu ya msasa 800 uliolazwa, usilifute kwa mbele na nyuma, au utalipa pembe.

Bodi ya juu, madigadi na ekzosi

Unganisha bodi ya juu kwa awamu. Anza mbele, shika kwa tepu, pitisha gundi nyembamba kwenye ufa kwa ndani, subiri dakika 15, kisha songa nyuma. Gundi ikipita kwa nje inatambaa hadi kwenye ribiti na kuziyeyusha. Brashi iguse ndani tu, na vidole vikae mbali na ufa, kwa sababu gundi inafuata kidole na kuacha alama yake.

Madigadi ya seti ni mazito kuliko bati halisi. Huna haja ya kuyabadilisha. Kwangua ukingo wake kwa chini, kwa wembe ulioinama, hadi ubaki mwembamba. Jicho linasoma ukingo, halisomi unene wote.

Ekzosi mbili zimelala juu ya madigadi nyuma, kila moja ikiwa na kinga ya bati lenye matundu. Toboa mdomo wa bomba kwa biti ya milimita 0.8. Kinga za plastiki huwa na matundu yaliyochorwa tu, na ukipenda kuzibadilisha kwa wavu wa shaba, kata kwanza kiolezo cha karatasi, ukijaribu hadi kikae, halafu ndipo ukate shaba. Sepetu, jeki na vifaa vingine vya ubavuni vipake rangi kando, uvigundishe baadaye.

Kichwa, mzinga na eriali

Mdomo wa mzinga wa milimita 57 kwa 1/35 ni milimita 1.63, ndiyo maana ya ile biti ya 1.6. Anza kwa kuchoma kitundu katikati kwa ncha ya sindano, toboa kwa 0.4, kisha 0.8, kisha 1.6, ukizungusha kwa vidole. Ukianza na 1.6 moja kwa moja biti itateleza na mdomo utakuwa upande. Mzinga ni mfupi sana, hivyo kosa dogo la pembe linaonekana kama jino lililokaa vibaya.

Bombomu ni mbili: moja mbele ya bodi upande wa kushoto, kwa kuwa dereva anakaa kulia, na nyingine nyuma ya kichwa. Watu husahau hii ya nyuma wakidhani kichwa kimegeuzwa.

Eriali ya kiatu cha farasi ndicho kipande kinachovunjika zaidi katika seti nzima. Usiikate kwa koleo, mshtuko unaivunja. Ikate kwa msumeno mwembamba au wembe, taratibu, ikiwa imelazwa juu ya tepu. Ikishavunjika vipande vitatu usihangaike kuiunga. Pinda waya wa shaba wa unene uleule juu ya mchoro ulioufanya kwa kuizungushia penseli ile ya plastiki kabla hujaikata. Chora mchoro huo hata kama bado ni nzima. Nguzo zake zigundishe kwanza kwenye kichwa, zikauke, kisha laza duara juu yake na kulitazama kwa usawa wa jicho: liwe sambamba na paa la kichwa pande zote.

Praima

Unene wa rangi wa milimita 0.1 kwenye modeli ni sawa na milimita 3.5 za rangi kwenye kifaru halisi. Ribiti zinazama hapo. Zimua praima ya lakeri sehemu 1 kwa thina yake sehemu 2, upulize kwa brashi ya hewa kwa shinikizo la bar 1 hivi, tabaka mbili nyembamba. Kwa rangi ya kopo la kupulizia, weka kopo kwenye maji ya vuguvugu dakika tano, simama sentimita 20 hadi 25, anza kupuliza nje ya modeli na umalizie nje ya modeli.

Wanaofanya kazi pwani, Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Unguja, wajihadhari na masika. Thina ikiruka haraka inapoza uso, unyevu wa hewa unaganda juu ya rangi, na praima inageuka nyeupe kama imepakwa unga. Subiri saa za jua kali, au ongeza thina ya kuchelewesha kukauka. Iliyokwisha kugeuka nyeupe unaiokoa kwa kupuliza ukungu mwepesi wa thina hiyo peke yake.

Rangi ya mwili

Kwa Malaya: msingi wa khaki, mabaka ya kahawia na kijani, kisha mistari ya njano. Katika rangi za Tamiya, XF-49 kwa msingi, XF-64 kwa kahawia na XF-58 kwa kijani zinakaa vizuri pamoja. Puliza msingi tu. Mabaka yapake kwa brashi ya mkono, kwa sababu kingo za mabaka ya Chi-Ha ni kali, hazina ukungu. Ukiyapuliza bila kuziba, utapata kifaru cha Kijerumani cha 1944 kilichovaa umbo la Kijapani.

Tatizo ni kwamba rangi za Tamiya haziipendi brashi: tabaka la pili linalainisha la kwanza na kulikokota. Tumia rangi za akriliki za maji kama Vallejo kwa mabaka, zimua kidogo kwa maji hadi zitiririke kama maziwa, na paka tabaka mbili au tatu kwa brashi laini namba 2. Chora mipaka ya mabaka kwa penseli nyepesi kwanza. Mabaka yafuate kimo cha kifaru, yashuke toka kichwani hadi madigadi, yasiishie kwenye kila kiungo cha bati kana kwamba kila bamba limepakwa peke yake.

Njano sasa. Kwa kawaida ni mistari miwili isiyonyooka inayokatana juu, mmoja ukienda mbele hadi nyuma na mwingine ukikata ubavu kwa ubavu. Lengo lilikuwa kulivunja umbo la kifaru machoni mwa adui. Kwa 1/35 upana wa milimita 3 hivi unafaa, ukinenepa hapa na kukonda pale kama mkono wa mtu ulivyopita.

Njano haina nguvu ya kufunika. Ukiipaka moja kwa moja juu ya kahawia itakula tabaka sita na bado itakuwa na uchafu, na tabaka sita ndizo zinazofukia ribiti. Kwa hiyo paka kwanza mstari wote kwa rangi ya krimu, tabaka mbili nyembamba. Ikauke saa mbili. Kisha paka njano iliyochanganywa, sehemu 4 za njano kwa sehemu 1 ya khaki. Njano tupu ya chupa inang'aa kama mstari wa matatu. Ile khaki inairudisha kwenye jua la shamba la mpira. Brashi ipite juu ya ribiti kwa upande mmoja tu wa mwendo. Ukirudi nyuma, rangi inajikusanya nyuma ya kila ribiti na kufanya kijitone.

Kwa Saipan au Shumshu acha njano kabisa. Tumia khaki, kijani na kahawia kwa mabaka makubwa.

Stika za maji

Puliza vanishi ya kung'aa kwanza, uache saa 24. Stika ikilazwa juu ya rangi isiyong'aa inafunga hewa kwenye vinyweleo vya rangi, na hewa hiyo ndiyo ule weupe wa fedha unaoonekana pembeni mwa alama. Ikipita juu ya ribiti, weka dawa ya kulainisha, isubiri ijikunje (usiiguse inapojikunja, itanyooka yenyewe), kisha choma kila ribiti kwa ncha ya sindano na uongeze tone jingine. Stika iliyokaa kama hema juu ya ribiti inaharibu kazi yote ya nyuma.

Minyororo

Paka matairi ya magurudumu rangi ya mpira, XF-85, kwa kuzungusha gurudumu kwenye kijiti cha meno huku brashi imetulia mahali pamoja. Kisha yagundishe yote.

Minyororo ya vinili ya seti hii haishikwi na gundi ya plastiki. Ncha moja ina vijipini, nyingine ina matundu. Pasha bisibisi ndogo kwenye moto wa mshumaa, gusa kichwa cha kila kipini sekunde moja hadi kipondeke kama ribiti, na uache kipoe kabla ya kuvuta. Kwa usalama zaidi shona kwa uzi mweusi upande wa ndani, na uweke kiungo hicho chini ya kifaru.

Usizidishe kukaza. Vinili ikivutwa hailegei, inavuta ekseli ya gurudumu la nyuma kidogo kidogo hadi ipinde. Mnyororo ukiwa mfupi, utie kwenye maji ya moto uurefushe kwanza. Upande wa juu unatakiwa ulale juu ya rola na kushuka kidogo kati yake. Vinili inapenda kupanda juu badala ya kushuka. Tone la supagluu juu ya kila rola, ukiukandamiza kwa kijiti kwa dakika moja, linatosha. Mwenye minyororo ya plastiki ngumu aiunganishe kwenye tepu, aizungushie magurudumu gundi ikiwa bado laini, kama baada ya nusu saa.

Rangi yake ni kahawia nyeusi, si fedha. Meno ya katikati yanapita kati ya magurudumu pacha. Hapo, na kwenye kingo zinazogusa barabara, sugua penseli laini ya 4B.

Kuzeesha

Hapa ribiti zinalipa. Changanya rangi ya mafuta ya kahawia iliyokolea, sehemu 1 kwa sehemu 10 za tapentaini ya wachoraji, juu ya vanishi ya kung'aa iliyokauka. Gusa kila ribiti kwa ncha ya brashi. Mchanganyiko utaizunguka wenyewe. Usimwage juu ya bamba zima, maana utaacha duara chafu linapokauka. Baada ya dakika 30, futa ziada kwa pamba iliyoloweshwa kidogo tapentaini, ukivuta kutoka juu kwenda chini kama mvua inavyoshuka. Mafuta ya taa yasitumike badala yake: yanaacha utando wa mafuta usiokauka vizuri, na vanishi ya mwisho itateleza.

Kisha brashi kavu: chovya rangi ya khaki iliyotiwa nyeupe kidogo, futa brashi kwenye karatasi hadi isiache alama, pitisha kwa wepesi juu ya vichwa vya ribiti na kingo. Ribiti zikionekana nyeupe umezidisha.

Ekzosi pekee ndizo zinazostahili kutu nyingi, kwa sababu joto linaunguza rangi yake. Saga chaki laini za rangi ya chungwa na kahawia, gusa kwa brashi kavu rangi ikiwa mbichi kidogo. Chini ya kifaru paka vumbi la udongo mwekundu kwa Malaya, la kijivu cheusi kwa Shumshu. Udongo halisi unafaa, lakini upite kwenye kitambaa cha soksi ya nailoni kwanza. Chembe ya mchanga ya milimita 1 kwenye modeli hii ni jiwe la sentimita 3.5.

Funga kwa tabaka moja jembamba la vanishi isiyong'aa, XF-86, ukiyaacha magurudumu na minyororo kando ili vumbi lisififie. Gundisha sepetu, jeki na vifaa vya ubavuni. Mwisho kabisa pitisha skrubu mbili za M3 kutoka chini ya ubao hadi kwenye nati ulizozificha siku ya kwanza, uzikaze kwa vidole tu, na upitishe tena ule utepe wa karatasi chini ya minyororo, kila gurudumu lilipo. Ukipita mahali, legeza skrubu ya upande huo robo mzunguko.